Madoa ya Mama Mkwe

Fundi Funguo alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ndani ya bafu lake mwenyewe, mlango umefungwa kwa ndani, mkononi kashika kipande cha filamu kinachochuruzika maji. Alikinyanyua mbele ya balbu. Akakigeuza upande wa pili. Akakigeuza tena kichwa chini miguu juu, maana binadamu ana imani ya ajabu kwamba jambo baya likigeuzwa sana mwishowe litakuwa zuri. Halikuwa.

"Madoa," akasema. "Madoa tena!"

"Na mimi je?" sauti ya mkewe ikajibu kutoka nje ya mlango. "Nimeshika taulo tangu wewe uingie humo. Nikienda dukani nikinuka, nitawaambia wateja kwamba mume wangu anaogesha picha."

Asionewe huruma haraka. Alijitakia.

Kazi iliyomlisha Fundi Funguo ilikuwa kuchonga funguo na kufungua milango iliyowashinda wenyewe. Alikuwa na kibanda cha bati kwenye kona ya mtaa, na ukutani mwake zilining'inia funguo ambazo hazijachongwa, mistari kwa mistari. Watu walimwita mchana na walimwita alfajiri, mara nyingi wakiwa wamesimama barazani na nguo za ndani, mlango umejifunga nyuma yao. Naye alikuja, akapiga magoti mbele ya kitasa, akachokonoa, mlango ukaachia. Alikuwa mwaminifu, tena alilisema hilo mwenyewe kupita kiasi. Sifa yake ya pili ilikuwa ubishi. Akishika jambo haliachi, na likimshinda, basi la kulaumiwa ni lile jambo.

Mambo ya picha yalimwingia siku moja ya joto. Alikuwa amefunga kibanda ili apate usingizi kidogo. Mwanga ukapenya kwenye tundu la ufunguo, na ukutani mbele yake ukachora mtaa mzima, rangi zake zote, umepinduliwa. Watu wanatembea kwa vichwa. Mkokoteni wa maji umening'inia juu na hakuna tone linalomwagika. Mtu mwenye akili zake angegeukia upande wa pili na kukoroma. Huyu hakulala. Haikupita wiki akawa na boksi la viatu alilolipaka weusi ndani na nje, na mbele kalibandika kipande cha bati kilichotobolewa kwa sindano nyembamba kuliko zote alizokuwa nazo mkewe, ambaye ni mshonaji. Ile sindano haijarudi mpaka leo.

Mambo yenyewe si magumu. Ndani ya boksi, gizani, unabandika kipande cha filamu kwenye ukuta wa nyuma, mkabala na tundu. Unafunga mfuniko. Ukishaliweka boksi mbele ya mtu, unabandua utepe mweusi uliofunika tundu, unahesabu moyoni taratibu, unaubandika tena. Hakuna lenzi wala kitufe. Halafu unakimbilia bafuni, unazima taa, unaitumbukiza filamu kwenye dawa ya kusafishia, ile inayoitoa picha, kisha kwenye dawa ya kuigandisha, kisha kwenye maji, na ikikauka una negativu yako, ile picha ambayo weusi wake ni weupe na weupe wake ni weusi. Filamu na dawa za unga alizipata kwa mwenye studio mmoja mzee aliyekuwa anafunga duka, akafurahi kupata mtu wa kumwondolea mzigo ule kabla hajautupa.

Kilichokuwa kigumu ni watu. Kamera ya namna hii inamtaka mtu atulie kama nguzo, na katika ukoo ule hapakuwa na nguzo. Alipiga watoto wake, wakatoka moshi. Alimpiga jirani, akatoka jirani asiye na kichwa, kwa kuwa kichwa kilikuwa kinatazama nani anapita. Wanawe walimwekea simu mbele ya pua: "Baba, hii inapiga mara moja tu, tena ina rangi." Akawajibu kwamba hata kuku wanaweza kudonoa simu ikapiga picha. Kwa hiyo hakuna aliyemtaka na boksi lake, mpaka mama mkwe alipomtaka.

Mama mkwe aliishi upande wa pili wa mji, kwenye nyumba ya matofali iliyoinuka juu ya ngazi za mawe. Alikuwa mshonaji kabla ya binti yake kuwa mshonaji. Aliwalea watoto wake wote kwa sindano, na mpaka sasa alishinda kwenye kibaraza chake na kikapu cha nyuzi miguuni, akidarizi vitambaa vya meza ambavyo hakuna aliyekuwa na meza za kuvitosha. Macho yalikuwa mazima. Magoti ndiyo yaliyoanza kumsema. Wakati wa mvua aliteleza kwenye zile ngazi, akakaa chini kwa kishindo. Hakuvunjika, ila habari ilimfikia mwanawe wa kwanza.

Huyo ndugu zake walimwita Meneja. Kwenye mji wa mbali alikuwa meneja kweli, na huku nyumbani aliifanya kazi hiyohiyo bila mshahara. Si mtu mbaya. Alimpenda mama yake, na alipompenda mtu alimpangia. Akakata shauri kwamba mama ahamie kwake. Chumba kikapakwa rangi, kitanda kikanunuliwa, mapazia yakatundikwa. Nyumba ya ngazi itapangishwa. Mama mkwe, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akimkatalia mwanawe huyo kitu, alisema, "Sawa, mwanangu. Nitahama."

Wote wakashusha pumzi.

"Ila nina ombi moja," akaongeza. "Nataka picha yangu nimekaa mlangoni kwangu, nikaitundike huko kwako. Isiwe ya simu, za simu zinafia humohumo kwenye simu. Nataka ya boksi la mkwe wangu. Iwe safi, isiwe na doa hata moja. Siku nitakayoishika mkononi, funga mizigo yangu."

Meneja aliona hilo ni jambo la wiki moja. Fundi Funguo aliona ni jambo la maisha yake. Hatimaye mtu mwenye busara zake, tena mama mkwe, ameitaka picha yake mbele ya ukoo mzima! Siku ile alitembea mtaani kifua mbele, akawasimulia mpaka wateja waliokuja na kufuli zenye kutu.

Akaenda. Mama mkwe alimpokea kama mkwe anavyopokewa: huwezi kuanza kazi kabla hujanywa chai. Boksi, likiwa na filamu tayari ndani yake, likaachwa kibarazani karibu na kikapu cha nyuzi, yeye akaingizwa ndani akanywa chai na mkate, kikombe cha pili kwa lazima. Alipotoka, akaliweka boksi uani juani, mama mkwe akakaa mlangoni kivulini, utepe ukabanduliwa. Jamani, yule mwanamke alijua kutulia! Hata nzi alipotua kwenye paji la uso, hakupepesa. Fundi Funguo alitaka kulia kwa furaha. Baada ya hapo akaitwa ndani tena anawe mikono, na aliporudi alilikuta boksi linang'aa.

"Nimelipaka rangi ya viatu kidogo," mama mkwe akasema. "Si boksi la viatu? Nalo lina haki yake."

Akaona ni mapenzi. Akaenda nyumbani akipiga mluzi, akajifungia bafuni, akasafisha filamu. Juu ya picha ile nzuri, mlango, ngazi, mama ametulia, palikuwa na madoa meusi, madogo, ya mviringo.

Tangu hapo alipigana na madoa kwa njia zote. Kwanza alilaumu unga wa dawa: chembe ambazo hazijayeyuka hung'ang'ania filamu na kuacha weusi. Akaamua kuchuja dawa. Alichujia kitambaa chembamba alichokikuta kabatini, na kilikuwa kitambaa cha shela la bibi harusi mmoja aliyemlipa mkewe kamili. Mambo yaliyosemwa nyumbani siku hiyo sitayaandika. Akaenda tena kwa mama mkwe, akanywa chai, akapiga. Madoa. Akalaumu maji ya bomba, akachemsha maji, akayapoza, akayafunika, mpaka majirani wakaanza kuulizana nani anajifungua. Akapiga tena. Madoa. Akalaumu vumbi, akaosha bafu kuanzia dari. Akalaumu mapovu, akawa analigongagonga beseni kwa adabu wakati wa kusafisha, kama mtu anayebisha hodi. Akalaumu kucha zake. Akalaumu poda ya mkewe, jambo lililomfanya alale sebuleni.

Boksi lenyewe alilikagua pia, asidharauliwe. Alijifungia gizani akaweka tochi inayowaka ndani yake, akalizungusha pande zote. Hakuna mwanga uliotoroka, hata wa kutosha jicho la sisimizi.

Lililomchanganya zaidi ni kwamba alipompiga mkewe ndani ya chumba cha kushonea, filamu ilitoka safi. Alipopiga funguo zake kibandani, safi. Dawa ileile, maji yaleyale, bafu lilelile. Madoa yalikuwa yanamchagua mama mkwe peke yake. Fundi Funguo akaanza kumfikiria yule mama mambo ambayo mkwe hapaswi kuyafikiria, akajikemea, akachemsha maji mengine.

Meneja naye alipiga simu kila Jumapili. "Shemeji, vipi picha?" Mwanzoni alicheka. Baadaye hakucheka, na kwenye kundi la familia la simu akaandika, mbele ya watu wote, "Fundi wa madoa bado anatafuta sabuni." Wajomba wakaweka vikaragosi vya kucheka. Fundi Funguo aliusoma ujumbe ule akiwa amepiga magoti mbele ya mlango wa mtu, ukamwingia mpaka kwenye mfupa. Tangu siku hiyo hakumwonyesha mtu negativu yoyote. Alizikaushia bafuni, akazificha nyuma ya kopo la dawa.

Ndipo tunaporudi kwenye ndoo iliyopinduliwa na mke mwenye taulo.

Alifungua mlango. Mkewe akaingia kama mvua ya upepo, akataka kumtoa, kichwa chake kikagonga ile filamu iliyobanwa kwa kibanio kwenye kamba. Akaishika ili aiondoe njiani. Akaitazama. Akaacha kulalamika, na kwa mwanamke yule hiyo ilikuwa dalili ya jambo kubwa.

"Hebu nipe nyingine," akasema.

"Nyingine zipi?"

"Baba watoto. Nyuma ya kopo. Unadhani nani anafagia humu?"

Akampa. Mkewe akazinyanyua moja baada ya moja kwenye balbu, midomo imebana, kama anavyokagua kazi ya mwanafunzi wake.

"Hivi madoa gani yanajipanga foleni?" akauliza.

"Mapovu. Yanafuata mkondo wa..."

"Mapovu nini! Tazama. Doa, nafasi, doa, nafasi. Nafasi zote sawasawa. Na hapa mwisho yamekaa mawili yamegusana. Hapa pia. Na hapa. Mume wangu, huu ni mshono. Na anayefunga mshono kwa kurudi nyuma namna hii ni mtu mmoja tu. Nilichapwa vidole na rula kwa kusahau kitu hicho."

Fundi Funguo akachukua mfuniko wa boksi, akamwaga mafuta ya taa kwenye kitambaa, akasugua ile rangi ya viatu iliyong'aa. Mkewe akauinua mfuniko kwenye balbu. Vitundu vya sindano vilitokeza mstari chini ya mstari, kila safari ya chai na mstari wake, vimenyooka na kufungwa vizuri mwishoni. Mama mkwe alikuwa akitoboa wakati mkwe anakunywa chai, jua la uani likapita kwenye vitundu na kuichoma filamu, halafu akaviziba kwa rangi ya viatu wakati mkwe ananawa mikono. Angetoboa ovyoovyo asingejulikana milele. Ila mkono ulioshona maisha yote haukuweza kwenda ovyo.

Mkewe alicheka mpaka akakaa kwenye sakafu yenye maji. Alicheka hadi taulo likalowa. Halafu, bila kituo, akawa hacheki tena.

"Hataki kuhama," akasema. "Mama yangu hataki kuhama."

"Si angesema?"

"Amwambie nani? Wewe umewahi kumwambia Meneja hapana?"

Fundi Funguo akafikiri. Kabatini mwake kulikuwa na mashati yaliyomkaba shingo, zawadi za Meneja, naye aliyavaa kila Meneja alipokuja.

"Basi tumwache," mkewe akasema. "Madoa yaendelee."

"Yaendelee? Na mimi niendelee kuitwa fundi wa madoa? Nimechuja maji mpaka nimekuwa kichekesho cha mtaa, kumbe dawa zangu nzuri, bafu langu safi, mkono wangu mzima! Mama yako kanifanya mjinga kwa chai!" Ubishi ulikuwa umempanda kichwani. "Nitapiga moja safi. Moja tu. Wajue."

Mkewe akainuka, akakamua taulo. "Nenda. Ila ukiipata usinionyeshe."

Akakata mfuniko mpya wa kadibodi ngumu, akaenda. Chai ikaletwa. Safari hii aliinywea kibarazani, boksi liko mapajani.

"Weka chini boksi, mwanangu, unywe kwa raha," mama mkwe akasema.

"Lina raha hapahapa, mama."

Mama mkwe akautazama mfuniko. "Naona ni mpya."

"Mpya, mama."

"Haujapakwa rangi ya viatu."

"Haina haja, mama."

Yule mama aliendelea kuutazama. Alikuwa na sindano mkononi, na aliichomeka taratibu kwenye kola ya gauni lake, mahali pake pa siku zote. Aliinuka, akashika ukuta, akaenda kukaa mlangoni bila kuambiwa. Fundi Funguo akabandua utepe na kuanza kuhesabu moyoni, na kwa mara ya kwanza alihesabu akitazama chini.

Filamu ilitoka safi. Safi kabisa! Alipiga kelele bafuni, akapiga ukuta kwa kiganja, akafungua mlango kutafuta wa kumwonyesha. Mkewe alikuwa anashona, kamgeuzia mgongo. Watoto wakatazama simu zao. Akarudi kwenye ndoo yake, akaifurahia peke yake, na hapo ndipo alipoitazama sawasawa.

Kamera ya tundu ina tabia moja: kilichotulia hutoka kikali, kilichotikisika hufifia. Mkono wa kushoto wa mama mkwe ulikuwa umeshika mwimo wa mlango. Katika picha zote zilizotangulia mkono ule ulilala mapajani. Sasa ulikuwa umeshika, na ulitoka mkali kuliko kitu chochote, kila kifundo cha kidole, kila ufa wa mbao. Haukusogea hata unywele. Mdomo ndio uliofifia. Yule mwanamke ambaye nzi hakuweza kumpepesa, mdomo wake ulikuwa umetetemeka muda wote ambao mkwe wake alihesabu akitazama chini.

Fundi Funguo aliona aibu. Aliona aibu kweli, ile inayochoma masikio mtu akiwa peke yake. Kazi yake ya maisha ilikuwa kuwarudisha watu majumbani mwao. Watu walimwita alfajiri kwa hilo. Na sasa ameshika mkononi kitu cha kumtoa mama mzima nyumbani kwake, na alikuwa amekishangilia.

Akaenda kwa mkewe. "Naomba sindano."

"Ile ya kwanza iko wapi?"

"Nitazirudisha zote."

Mkewe akaona filamu mkononi mwake. Akaona na uso wake. Akamchagulia sindano, akaongeza na kile kikofia cha chuma cha kuvaa kidoleni, bila kuuliza.

Ningependa kusema kwamba kabla ya kuitoboa alitoa nakala moja akaificha kibandani chini ya funguo mbovu. Hakutoa. Alijijua: angekuwa nayo, siku moja angeionyesha. Aliilaza negativu ile juu ya kipande cha mbao, kazi nzuri kuliko zote alizowahi kuzifanya, akaanza kuitoboa. Alianzia juu ya mlango. Jasho lilimtoka. Mkono uliozoea vitasa vizito uliyumba na ile sindano, mshono ukaanza na mbio, ukasimama, ukapinda, ukateremka kwa mshangao mpaka karibu na bega la mama mkwe, ukafia hapo.

Jumamosi Meneja alifika na gari dogo la mizigo na kamba mpya. Alikuwa amesikia fununu kwamba safari hii picha imefaulu. Fundi wetu, wakati anapiga kelele bafuni, alikuwa amesikika mpaka kwa majirani. Ukoo ukajaa kibarazani. Dereva akaanza kufagia majani kwenye gari, mizigo ipate nafasi.

"Shemeji, lete tuone," Meneja akasema.

Fundi Funguo akamkabidhi. Alikuwa amevaa shati la kumkaba. Meneja akainyanyua filamu juani, jicho moja kafumba.

"Hii si ina madoa?"

"Ina madoa, shemeji."

"Tena ni mengi kuliko yale ya kwanza! Umeshindwa tena?"

Hapo palikuwa pagumu. Wajomba wote wako pale, majirani wametoa shingo, watoto wake wenyewe wanamtazama. Ubishi wake wote ulimpanda mpaka kooni na maneno yake tayari: dawa nzuri, bafu safi, mkono mzima. Akameza.

"Nimeshindwa tena," akasema.

"Basi, shemeji yangu, bakia na kufuli zako," Meneja akasema, na kibaraza kizima kikaangua kicheko. Mke wa Fundi Funguo tu hakucheka. Alikuja akasimama karibu ya mumewe, mabega yakagusana.

"Mimi nilisema safi, bila doa," mama mkwe akasema kwa upole kutoka mlangoni. "Makubaliano ni makubaliano, mwanangu."

"Lakini mama, hizi ngazi..."

"Ngazi nitazitia bomba la kushikia," Fundi Funguo akadakia. "Kulia na kushoto. Wiki hii hii."

Meneja akatazama ngazi, akatazama kamba zake mpya, akakuna kichwa. Hatimaye akateremka kwenda kumwambia dereva, ambaye alitaka kujua nani atamlipa.

"Nipe niione," mama mkwe akasema.

Akaishika filamu kwa ncha za vidole, akainyanyua kwenye jua. Mwanga ukapita kwenye vitundu na kumwangukia shavuni, nukta ndogondogo zilizopinda. Akaacha kuitazama kwa macho, akapitisha kidole gumba juu yake polepole, na kidole kikafuata mshono kutoka juu ya mlango, pale uliposimama, pale ulipoteremka, mpaka karibu na bega. Kilipofika mwisho hakikuondoka.

"Mkono mzito," akasema, sauti ya chini, ya wawili tu.

"Ndio, mama."

"Umepinda kama mlevi anayerudi kwake. Na mwisho hukuufunga. Ukiuacha hivi utafumuka."

Macho yake yalikuwa na maji, lakini mkono haukuwa na habari hiyo. Alichomoa sindano kwenye kola ya gauni, akailaza filamu gotini, na pale ambapo mshono wa mkwe wake ulikuwa umefia, akatoboa matundu mawili, yaliyogusana.

"Jumamosi ijayo tujaribu tena," akasema. "Na boksi liache kibarazani."